Kwangu inawaka, kwake inazima: nimwamini nani?

BARUA

Mpendwa mshauri,

Salaam kutoka Mwanza. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na nyumbani ni Kitangiri. Naomba usiandike jina langu, maana wana kikoba wenzangu husoma safu hii na wengine wanamfahamu kijana ninayetaka kumzungumzia.

Marehemu mdogo wangu aliniachia mtoto wa kiume. Sasa ana miaka 22, ananiita mama mkubwa, na mimi namhesabu kama wa kumzaa mwenyewe. Alipotoka Magu kuja kwangu hakuwa na kazi. Nikakopa kikoba, nikamnunulia pikipiki ya cc 125, ya mkononi lakini bado nzima. Tulikubaliana kwamba kipindi cha giza, dagaa wanapovuliwa, alfajiri anifuatie mzigo Igombe. Akimaliza hapo apige boda zake, na jioni alete hesabu ya 8,000. Deni la kikoba likiisha, chombo kinakuwa chake. Hatukuandikiana popote. Mtu haandikiani na mwanawe.

Miezi ya mwanzo sikuwa na neno. Hesabu ilikuja, hata siku za mvua. Pikipiki aliipenda, Jumapili hakosi kuiosha. Masika ilipokaribia nikamnunulia kava la tanki, lile la ngozi ya bandia lenye nakshi. Akalifunga vizuri, na chini yake akatandika nailoni ngumu ili maji yasiingie kwenye mafuta.

Mvua zilipoanza, na shida ikaanza. Ananipigia simu: "Mama mkubwa, chombo kimezima, hakiwaki." Leo yuko Nyakato, kesho yuko mlima wa Bugando ana abiria mgonjwa. Mara nyingi ni asubuhi, tena akiwa ametoka kujaza tanki, kwa sababu siku za mzigo pesa ya mafuta natoa mimi. Akikwama sana ananunua mafuta ya chupa kando ya barabara, anadhani labda yaliyomo ni mabaya. Baada ya saa moja au zaidi anapiga tena kwamba imewaka. Jioni nikiipiga stata mwenyewe pale uani, inawaka hapohapo. Amenunua plagi mpya kwa pesa yake, lakini hali ni ileile.

Siku iliyonikata maini ilikuwa kipindi cha giza kilichopita. Alikwama baada ya kupita uwanja wa ndege, akirudi na mzigo wangu. Nikachukua boda nyingine, nikamfuata. Nikamkuta amekaa juu ya jiwe, ndoo za dagaa ziko chini na jua limeshachomoza. Nikamnyang'anya funguo nikafungua tanki, nione kama aliweka mafuta au pesa yangu ameila. Mafuta yalikuwepo, tena mengi. Nikafunga, nikamwambia, "Haya, piga kiki mbele yangu." Kiki ya pili ikawaka. Mshauri, nilimsema palepale mbele ya watu. Nilimwambia ananifanya mjinga, na kama ni mama yake asingemfanyia hivyo. Tangu siku hiyo hasemi. Akirudi anaweka pesa mezani, anachukua chakula chake na kwenda kulia chumbani.

Nikampeleka kwa fundi wetu wa siku zote huku Pasiansi. Aliiwasha, akaisikiliza kidogo, akasema kompresheni inakufa, ifunguliwe injini, nimpe 280,000. Kijana anasema injini ni nzima, tatizo ni koili. Mume wangu anasema tuiuze kabla haijafa kabisa, au tumpe kijana mwingine wa jirani ambaye ni mchapakazi. Mama yetu mzazi, aliyeko Magu, amepiga simu akilia kwamba mtoto wa marehemu hafukuzwi. Na juu ya yote, mama mmoja anayeuza chapati Buzuruga ameniambia alimwona kijana amebeba abiria siku ileile aliyoniambia chombo hakiwaki.

Hesabu sasa inakuja nusu, na marejesho ya kikoba hayanisubiri. Nimpe fundi hiyo pesa? Niuze? Nimpe mwingine? Na huyu mtoto, ananidanganya au hanidanganyi?

Mama Mkubwa, Kitangiri


JIBU

Mama Mkubwa mpendwa,

Pole kwa kuondokewa na mdogo wako, na pole kwa masika hii iliyokukalia vibaya. Umebeba mambo mengi kwa pamoja: deni, mzigo wa dagaa usiosubiri mtu, mume mwenye maoni yake, mama anayelia kwenye simu, na kijana anayekula peke yake chumbani. Ningekuwa kwenye nafasi yako, hata mimi nisingelala vizuri.

Ukiniruhusu, nitaligawa swali lako. Umeniuliza maswali mawili ukiwa umeyafunga fundo moja. La kwanza ni kwa nini pikipiki inazima njiani na kugoma kuwaka. La pili ni kama mtoto wa mdogo wako ni mwaminifu kwako. Umekuwa ukitumia jibu la swali moja kujibu jingine: pikipiki imewaka mbele yangu, kwa hiyo kijana ni mwongo. Naomba tuyatenganishe, kwa sababu pikipiki zina ubovu wa aina fulani unaofanana kabisa na uongo. Unakuja chombo kikiwa kwenye shughuli na kuondoka kikipumzika, na kila anayeitwa kuja kuuona anakuta hakuna kitu.

Barua yako nilikwenda nayo kwa fundi mmoja ninayemheshimu, ana gereji ndogo Mabatini. Nilimsomea bila kumwambia inatoka wapi. Alikuwa anaendelea na kazi yake huku ananisikiliza, hadi nilipofika pale ulipomnyang'anya kijana funguo. Akaweka spana chini. "Rudia hapo," akasema. "Alifungua tanki kwanza, ndipo ikawaka?"

Ndivyo ulivyoandika, Mama Mkubwa. Ulifungua tanki, ukaona mafuta, ukafunga, ikapigwa kiki, ikawaka. Wewe ulikuwa unakagua mafuta. Inawezekana kabisa kwamba bila kujua ulikuwa unaitibu pikipiki.

Nikueleze alivyonieleza. Pikipiki nyingi za kabureta hazina pampu ya mafuta. Petroli inashuka yenyewe kutoka kwenye tanki, inapita kwenye koki na mpira mwembamba, inaingia kwenye bakuli dogo la kabureta, na injini inanywea hapo. Ili mafuta yashuke, lazima hewa iingie juu kuchukua nafasi yake, na hewa hiyo inapita kwenye tundu dogo lililo kwenye kifuniko cha tanki. Unalifahamu dumu la mafuta ya kupikia: ukilitoboa tundu moja tu chini na juu hukulegeza kifuniko, mafuta yanadondoka, yanakokota, halafu yanakata kabisa ingawa dumu limejaa. Tanki nalo ni hivyohivyo. Tundu likiziba kwa vumbi, kwa tope la kuoshea, au likifunikwa na kitu kisichopitisha hewa, pikipiki itawaka vizuri na kwenda kwa muda, kisha itaanza kukosa nguvu kana kwamba mafuta yameisha, halafu itazima. Ukisubiri muda wa kutosha, hewa inapenya kidogokidogo, mafuta yanashuka, inawaka tena. Ukifungua kifuniko, haichukui hata dakika nyingi.

Sasa angalia mambo uliyoyaandika mwenyewe bila kuyawekea uzito. Shida ilianza baada ya kava na nailoni ngumu kufungwa juu ya tanki. Inatokea zaidi akiwa ametoka kujaza, na tanki likijaa nafasi ya hewa juu ya mafuta inakuwa ndogo, kwa hiyo mvuto wa kuzuia mafuta unajengeka haraka kuliko tanki likiwa nusu. Na kijana mwenyewe huenda hafungui kifuniko akikwama. Vijana wengi wa boda hupima mafuta kwa kuitikisa pikipiki na kusikiliza, na kwa lile kava lilivyofungwa, sioni kwa nini angehangaika kulifungua wakati anajua katoka kujaza. Hata anaponunua mafuta ya chupa, muulize kama inawaka baada ya kuyamimina. Hapo lazima kifuniko kifunguliwe, na pengine amekuwa akidhani mafuta mapya ndiyo yaliyoponya.

Kama ni kava, tafadhali usijilaumu. Lilikuwa zawadi, na yeye alitandika nailoni akilinda mali yako.

Lakini nisikuache ukidhani nimeshapata jibu. Sijaiona hiyo pikipiki, na ushahidi uleule unaweza kusimulia habari nyingine. Siku ile njiani ilikuwa pia imepoa. Muda uliokuchukua wewe kutafuta boda na kufika ulitosha injini kushuka joto, na kuna magonjwa mawili yanayoondoka kwa kupoa.

Moja ni hiyo koili anayoitaja kijana. Ndani yake kuna nyaya nyembamba sana zilizosokotwa, na koili ikichoka, joto likipanda inashindwa kupeleka moto kwenye plagi. Ikipoa inarudi kazini kama kawaida. La pili ni tapeti. Kati ya tapeti na valvu huachwa mwanya mdogo mno, sehemu ndogo ya milimita, kwa sababu chuma kikipata moto kinatanuka. Mwanya ukiwa umebana kupita kiasi, valvu haifungi sawasawa injini ikiwa ya moto, kompresheni (ule mgandamizo wa hewa na mafuta ndani ya injini) inavuja, na chombo kinagoma hadi kipoe. Kwa maana hiyo hata fundi wako wa Pasiansi asipuuzwe. Inawezekana kompresheni kweli inapungua. Ila kurekebisha tapeti ni kufungua kifuniko cha juu na kupima, si kushusha injini nzima, na bei yake haiwezi kuwa hiyo.

Masika nayo ina yake. Maji yakiingia kwenye tanki yanakaa chini, kwa sababu ni mazito kuliko petroli, na tone moja likifika kwenye jeti, kile kitundu chembamba ndani ya kabureta, linatosha kuzuia mafuta. Kepu ya plagi ikilowa, moto unapotea njiani kabla ya kufika. Mafuta ya chupa nayo ni bahati nasibu. Unakumbuka uchakachuaji ulivyosumbua nchi hii, hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili yasiendelee kuchanganywa na petroli na dizeli. Vinasaba vinasaidia kukagua vituo, lakini chupa ya kando ya barabara hujui imepita mikono ya nani.

Basi utajuaje ni lipi? Kwa kuiuliza pikipiki palepale inapozima, kabla haijapoa. Ikishafika uani jioni imenyamaza, haina la kukwambia. Na wa kuiuliza ni kijana, ila umkabidhi kazi hiyo kama mwenzako. Ikizima, kwanza aangalie kile kitufe chekundu cha kuzimia injini kwenye usukani kisiwe kimesukumwa, na koki iwe wazi. Hayo ni ya sekunde chache. Kisha afungue kifuniko cha tanki polepole, sikio likiwa karibu. Kama tundu limeziba atasikia hewa ikivutwa ndani, fyuu. Asubiri kidogo bakuli lijae, apige kiki. Ikiwaka, afunge kifuniko na kuendelea, na ikizima tena mbele ya safari arudie vilevile. Ikitii kila mara, mmeshapata mwelekeo. Baada ya hapo aondoe kava na nailoni kabisa, azibue tundu kwa waya mwembamba, aone kama ugonjwa umeondoka nao.

Kufungua kifuniko kusiposaidia, chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Ailegeze na kukinga kwa chupa safi inayoonyesha ndani. Yasipotoka mafuta, njia imeziba mahali. Yakitoka, yaache yatulie: maji yataonekana yamejikusanya chini kama shanga. Yakitoka mengi na masafi, ahamie kwenye moto. Achomoe plagi kwa uangalifu, maana itakuwa ya moto, inaunguza mkono. Ikiwa kavu kabisa baada ya kiki nyingi, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika ila moto hauji au ni dhaifu. Kupima cheche, koki ifungwe kwanza, petroli yoyote iliyomwagika ifutwe, na plagi igusishwe kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake, ikishikwa kwa koleo lenye mpira. Mvuke unaotoka kwenye lile tundu unashika moto, na hili namwomba asilifanyie haraka. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzima. Ikiwa imepauka rangi ya chungwa, au haipo, basi kijana na koili yake wanaweza kuwa na haki. Awe na plagi ya akiba mfukoni ili asiisingizie koili kosa la plagi. Bei yake haizidi kilo ya sangara. Na asivute petroli kwa mdomo, wala asiwashe kiberiti kuangalia ndani ya tanki. Watu wameungua kwa hilo.

Kila inapozima, iandikwe kwenye daftari: ni wapi, saa ngapi, tanki limejaa au la, mvua au jua, alifungua kifuniko au hakufungua, na ilichukua muda gani kuwaka. Daftari hilo mkilipeleka kwa fundi yeyote, hataanza kubahatisha.

Hapo namrudia fundi wako. Aliiwasha, akaisikiliza, akataja 280,000. Hukuandika kwamba alipima chochote. Injini iliyochoka kompresheni mara nyingi husumbua hata ikiwa baridi. Kiki inakuwa nyepesi mguuni, moshi wa bluu unatoka nyuma, oili inapungua bila kuvuja. Yako jioni inawaka hapohapo. Kuna geji inayofungwa kwenye tundu la plagi kupima kompresheni, na katika hali yenu ipimwe injini ikiwa baridi, kisha ikiwa ya moto. Kumwomba fundi apime kwanza si kumvunjia heshima. Akikupa namba na kukuonyesha, na ukaridhika kwamba injini inahitaji kufunguliwa, simama hapo ukitazama au mweke kijana asimame, na ukubaliane mapema kwamba spea za zamani utapewa mkononi. Ukifungua injini kwa kubahatisha, unaweza kulipa pesa yote na kesho yake pikipiki ikazima palepale ilipokuwa ikizima, na hapo utakuwa umeishiwa pesa na subira kwa pamoja.

Sasa tuje kwa mtoto.

Umeniandikia kwamba hasemi tangu siku ile. Kunyamaza kwake umekusoma kama hatia, au ndivyo nilivyokuelewa. Kunaweza kuwa hatia. Kunaweza pia kuwa ni mtu aliyesema ukweli, akaona ukweli wake umegeuka uongo mbele ya macho yake mwenyewe, na hana la kujitetea. Fikiria alivyohisi kiki ile ya pili ilipowaka. Kama hakuwa anakudanganya, basi hakuna aliyeshangaa kuliko yeye. Halafu likaja lile neno la mama yake. Sikuhukumu, Mama Mkubwa; ulikuwa na ndoo za dagaa zinaharibika juani na deni kichwani. Nasema tu kwamba neno hilo pengine linamuuma kuliko mambo yote ya pikipiki, na halina fundi.

Habari ya Buzuruga nayo tuitazame vizuri. Yule mama wa chapati alimwona saa ngapi? Chombo kinachozima saa mbili na kuwaka saa nne, saa tano kinaweza kuwa Buzuruga na abiria, na wote wawili wakawa wamesema kweli. Lakini kama kijana alikwambia hakikuwaka siku nzima, hilo halihusiani na tundu wala koili, ni la kuulizana. Kuna na jambo jingine. Shida ilipoanza hukuniambia hesabu ilipungua mara moja. Sasa ndiyo inakuja nusu. Zile siku alizokaa njiani saa nzima na bado akaleta 8,000, alizipata wapi? Huenda alikimbizana na abiria hadi usiku. Huenda alikopa kijiweni na sasa analipa madeni, na nusu inayokosekana inakwenda huko. Huenda pia kuna matumizi usiyoyajua. Mimi siwezi kujua, na nadhani hata wewe bado hujui, kwa sababu katika barua yako yote sijaona mahali mlipokaa wawili peke yenu ukamuuliza ukiwa huna hasira.

Ungeweza kuanza na hilo la mama yake, kabla ya pesa na kabla ya pikipiki. Halafu umwombe jambo moja: alfajiri moja ya mzigo, upande nyuma yake hadi Igombe na kurudi, wote na kofia ngumu, tanki likiwa limejazwa kama siku zote na kava likiwa palepale. Ikizima, mtakuwa wote wawili pale, na mtaiuliza pamoja. Inawezekana siku hiyo isizime, na hapo itakubidi ujizuie kuhesabu hilo kama ushahidi dhidi yake. Njia ya Igombe ni ndefu ya kutosha kwa watu wawili kuzungumza, hata kwa kupigiana kelele juu ya mlio wa injini.

Wazo la kumpa kijana mwingine nimelifikiria kwa heshima, kwa sababu mumeo anajaribu kuwaokoa na deni. Faida yake ni kwamba mtajua haraka: ikimzimia na huyo mwingine, basi ni chombo. Lakini itakuwa imejulikana baada ya mtoto wa marehemu kunyang'anywa mbele ya kijiwe kizima, na kumrudishia si rahisi kama kumnyang'anya. Kuuza nako kuna hesabu yake. Pikipiki yenye ugonjwa usiojulikana inauzwa kwa bei ya kutupa, na mnunuzi anastahili kuambiwa inazima. Ukitoa hiyo bei, bado kiasi cha deni la kikoba kitabaki shingoni kwako bila chombo cha kulizalishia, na dagaa wa kipindi kijacho cha giza utamlipa mtu baki akuletee. Sisemi usiuze. Nasema ukiuza baada ya kujua ugonjwa, bei na moyo vyote vitakuwa afadhali.

Makubaliano yenu nayo yaandikeni sasa, hata kama ni mwanao, na pengine hasa kwa kuwa ni mwanao. Makubaliano ya mdomo sheria inayatambua, ila kuyathibitisha mkikorofishana ndiyo kazi. Karatasi moja inatosha: deni limebaki kiasi gani, kadi ya pikipiki itabadilishwa jina lini, na siku ambayo chombo kimelala kwa fundi hesabu inakuwaje. Hilo la mwisho naona ndilo linalowatafuna kimyakimya, kwa sababu hadi leo kila siku ya ubovu imekuwa ya kwake peke yake. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwa shahidi, au huyo mumeo, jambo ambalo lingempa nafasi ya kuwa mzee wa nyumba katika suala hili badala ya kuwa mtu wa kusema iuzwe.

Mama yenu Magu mpigie wewe kabla hajapigiwa na mwingine, umwambie kijana yuko nyumbani na hajafukuzwa. Na kikoba, usisubiri siku ya marejesho ufike na pesa pungufu. Mfuate mweka hazina mapema wiki hii, umweleze kwamba chombo kina hitilafu mnayoifuatilia, uombe marejesho yapunguzwe hadi kipindi kijacho cha giza kipite. Wengi wao nao wana vijana wa boda, watakuelewa.